Kuku wa Ukoo wa Labo

Kwa miaka ishirini na sita Adélaïde alisafisha sakafu ya chumba cha labo katika hospitali moja ya mjini Bujumbura, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia jicho lake ndani ya mikroskopi. Si kwamba hakutaka. Alifika asubuhi kabla ya wenye makoti meupe, akamwaga maji ya javeli, dawa ya kuua vijidudu, akayakokota kwa fimbo ile yenye mpira wanayoiita rakleti, na alipofika kwenye meza alifuta huku, akafuta kule, akizunguka miguu ya kile chombo cheusi taratibu, kama mama anayefagia chumba alimolala mtoto.

Mkuu wa labo, Bwana Rénovat, mtu mpole mwenye miwani, alimwambia siku ya kwanza ya kazi kwamba aoshe kila kitu ila huyo pale asimguse. Alisema "huyo", kama vile chombo ni mtu. Neno hilo lilimkaa Adélaïde moyoni. Mwaka mmoja alijipa moyo akamwuliza mle ndani kuna nini hasa. Rénovat akavua miwani, akawaza, akamjibu kwamba mle kuna viumbe vinavyokaa katika damu ya watu, vinakula, vinazaa, na mwenye damu yake hana habari. Adélaïde akachukua ndoo akaenda zake. Jioni hiyo, akimenya muhogo, alisimamisha kisu na kuutazama mkono wake kwa muda, ngozi ile ile ya siku zote, na haukumwambia kitu.

Kuku wake wa kwanza alitoka humo humo labo. Mama mmoja wa Buterere, mtaa anakoishi Adélaïde, alikuwa amemleta mtoto wake akiwa hoi kwa homa, wakaona malaria katika tone la damu, mtoto akapewa dawa, akapona. Mama akarudi na jogoo? La, na tembe mwekundu mwenye shingo isiyo na manyoya, amefungwa miguu kwa ukambaa wa mgomba. Akamkabidhi Rénovat kwa mikono miwili. Rénovat alikuwa anakaa chumba cha kupanga ghorofani, kuku angemweka wapi, naye kukataa zawadi ya shukrani ni kumtukana mtoaji. Basi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na yule mama alipopotea langoni akamgeukia Adélaïde: mama, huyu ni wako, labo yote ni wewe unayeitunza. Adélaïde akampa kuku jina la Labo.

Labo alitaga, akaatamia, akalea. Mwaka mafuriko yalipoingia Buterere hadi usawa wa kitanda, Adélaïde alikuta kila kitu kimeelea ila Labo, aliyekuwa juu ya kabati amekaa juu ya mayai yake, anamtazama mwenye nyumba kama anayemwuliza alikuwa wapi. Labo alikufa kwa uzee. Lakini mjukuu wake na kitukuu chake walibaki na shingo ile ile tupu, na mtaani ukimuuliza mtu kuku wa nani hawa, atakwambia ni wa Mama Bonfils, wale wa ukoo wa Labo. Bonfils ni mtoto wake wa kwanza, aliyeoa akahamia Ruziba. Mume alishatangulia. Alipostaafu, kilichomwamsha Adélaïde asubuhi ni kuku.

Na aliwatunza kwa namna anayoijua. Alimwita fundi akapiga simenti banda zima. Kila asubuhi, baada ya kusali, aliwatoa kuku nje, akamwaga maji yenye javeli, akasugua, akakokota kwa rakleti kutoka ukutani kwenda mlangoni, mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa hospitalini. Kisha akatandaza maganda ya mpunga, ambayo Buterere hayanunuliwi, unajaza gunia kwenye mashine ya kukoboa, na kuku wakarudi ndani kabla jua halijapanda. Majirani walimtania kwamba banda lake linang'aa kuliko sebule zao. Sylvère, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akisema siku akiugua apelekwe kwa kuku wa Mama Bonfils, asipelekwe hospitali. Adélaïde alicheka, lakini kifua kilimjaa.

Basi mwaka huu, mvua za Aprili zikiwa zimeshika, alikuwa na tembe tisa na makinda thelathini na wanne wa wiki tano, wote wametotolewa karibu siku moja. Jumapili, akirudi kanisani, aliona makinda kadhaa wamejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, macho wameyafumba mchana kweupe. Jumatatu alikuta watatu wamekufa, na juu ya maganda kuna kinyesi chekundu. Damu. Alifanya alichokijua: aliosha banda mara mbili, asubuhi na alasiri, akaongeza javeli hadi macho yakamwasha. Jumanne wakafa watano.

Sylvère alichungulia juu ya ukuta akasema ni kideri. Na kideri kila mtu mtaani anakijua, kinaingia nyumba moja na kutoka na kuku wa njia nzima. Kawaida yao ni moja tu: kikiingia, chinja wote leo, kesho utachelewa. Hata wazima. Hata mama zao. Adélaïde alimsikiliza akijua ana haki, maana kuku wa Sylvère nao walikuwa ng'ambo ya ukuta. Akapigiwa simu Hamissi.

Hamissi ni mchuuzi wa kuku wa mtaa wa Bwiza, Mwislamu wa mjini tangu babu yake, mtu wa maneno mengi na mzaha mkali, lakini kwenye kazi yake ananyooka. Ana sharti moja linalojulikana na kila mfugaji: kuku akishakufa mwenyewe ni mzoga, hamgusi, hata awe amekufa dakika hiyo. Kwa hiyo kuku mgonjwa kwa Hamissi ni mbio kati ya kisu na kifo. Alisema atafika Jumatano asubuhi.

Lakini Jumanne hiyo hiyo, kwenye mazoezi ya kwaya, Geneviève anayesimama karibu na Adélaïde alimwambia kuna binti veterineri, daktari wa mifugo, jina lake Joëlla, anazunguka Buterere na sanduku, anapima kuku palepale nyumbani. Adélaïde aliichukua namba bila matumaini makubwa. Binti akaitika, akasema atakuja, ila petroli hakuna mjini, atakuja kwa miguu, wamsubiri.

Jumatano wawili zaidi walikuwa wamekufa. Wakabaki ishirini na wanne, na tembe tisa. Hamissi akafika wa kwanza, na matenga yake mawili na kisu kimefungwa kwenye gazeti. Akasalimia, akaulizia watoto, akaulizia Bonfils, kisha akatazama bandani na uso ukambadilika.

Adélaïde akamwomba asubiri, kuna mtu anakuja kupima.

"Kupima nini tena, Mama Bonfils? Hii makuku inajipima yenyewe," Hamissi alisema. "Mi nasema ukweli, kila moja inayoanguka tukiwa tunaongea, mi siwezi kuigusa. We unangoja nini?"

"Nangoja yule mutoto wa veterineri."

Hamissi alitazama jua. Akasema basi, kwa heshima ya miaka, atangoja hadi adhuhuri. Ikiadhiniwa, ama anachinja ama anaenda msikitini mikono mitupu, na asije akalaumiwa. Akageuza tenga, akakaa juu yake.

Joëlla alifika saa nne na nusu, viatu mkononi, tope hadi kwenye goti, sanduku la plastiki kichwani. Mwembamba, sauti ndogo, asiyekuwa na haraka. Alinawa miguu, akavaa viatu vya mpira, akauliza lini walianza, wangapi, wa umri gani, shingo zinapinda au hazipindi, wanahema vibaya au hapana, tembe wakubwa wanakula au wamekataa. Shingo hazipindi. Wakubwa wanakula. Akatikisa kichwa kidogo, akaomba stuli. Adélaïde akaleta stuli ya jikoni, akaipangusa mara mbili. Joëlla akafungua sanduku, akatoa kilichokuwa kimefungwa kwenye kitenge, akakiweka.

Kilikuwa kidogo, urefu wa chupa ya lita, na kilikuwa cheupe, si cheusi. Lakini Adélaïde alikijua. Aliijua shingo yake iliyoinama, na kile kijicho cha juu, na kile kimeza cha chini chenye tundu. Mikono yake ikaenda yenyewe nyuma ya mgongo ikashikana.

Huyo alikuwa amekuja nyumbani kwake. Amepita kwenye tope la Buterere, juu ya kichwa cha mtu, akaketi kwenye stuli ambayo jana Adélaïde alikatia vitunguu.

Joëlla akamwomba chumvi. Adélaïde akauliza chumvi gani, akaambiwa hiyo hiyo ya mboga. Alileta kopo, akamwona binti anaimwaga kwenye maji ya moto kijiko baada ya kijiko, anakoroga, anaongeza, hadi maji yakakataa kumeza zaidi na chembe zikabaki chini. Akachota kinyesi kibichi chenye damu, kadiri ya punje ya harage, akakivuruga katika maji yale, akachuja kwa kichujio cha chai. Hamissi pale kwenye tenga hakuweza kuvumilia.

"Kwetu chumvi tunatia baada ya kuchinja," alisema. "Huyu mutoto ameanza na mavi."

Joëlla alicheka kwa kweli, akaendelea. Alijaza kichupa chembamba hadi maji yakavimba mdomoni pasipo kumwagika, yakatuna kama jicho la ng'ombe, kisha juu ya jicho hilo akalaza kipande cha kioo, chembamba kuliko ukucha, bila kuacha hewa hata kidogo. Akasema sasa dakika ishirini, mtu asiitikise stuli.

Walikaa. Ndipo Joëlla akamweleza Adélaïde kinachotendeka mle, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo la kawaida. Uchafu mzito unazama. Lakini kama kuna kidudu tumboni mwa kuku, mayai yake ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo yanapanda. Yanapanda yenyewe, moja moja, hadi yanagonga kioo na kukwama hapo, kama watu wa mafuriko chini ya dari. Adélaïde alikitazama kichupa. Kilikuwa maji machafu tu, ya rangi ya chai. Hakuna kilichosogea. Lakini aliketi akijua kwamba mbele ya macho yake kuna safari inafanyika, na kwamba chumvi, ile anayoibana kwa vidole viwili kila siku juu ya mboga ya lengalenga, ndiyo inayoinua. Alitamani kupiga ishara ya msalaba, akaona haya.

Kinda mmoja akaanguka ubavu bandani, akapiga miguu, akatulia. Hamissi alifungua gazeti, akatazama kisu, akalifunga tena.

Muda ulipotimia Joëlla akainua kile kioo, tone moja likining'inia chini yake, akakilaza juu ya kioo kirefu, akawasha kitaa cha betri, akainamisha jicho. Akazungusha kigurudumu cha pembeni kwa kidole kimoja, polepole. Kisha akasogea pembeni.

"Mama, kuya uone."

"Apana," Adélaïde akasema. "Mi siigusi hiyo."

"Hauigusi, Mama. Unaangalia tu."

Akasogea na mikono ingali nyuma ya mgongo. Akainama. Mwanzoni aliona giza, kisha kope zake mwenyewe, kubwa kama majani ya mgomba. Joëlla akamwambia asogee kidogo, alegeze jicho, asilikaze. Akalegeza.

Mwanga ukafunguka. Uwanja wa duara, mweupe kuliko kitu chochote alichowahi kuosha, na ndani ya uwanja ule yalikuwa mayai. Mayai kabisa, ya umbo la yai, kila moja na ganda lake lenye mistari miwili safi, kila moja na kijiduara cha chengachenga katikati kama kiini. Mazuri. Hilo ndilo lililomshangaza kupita yote, kwamba yalikuwa mazuri, yamekamilika, kana kwamba kuna mkono uliokaa ukayatengeneza moja baada ya jingine kwa uvumilivu. Alijaribu kuyahesabu akashindwa. Joëlla alisogeza kioo kidogo, na uwanja mwingine ukaja, umejaa vilevile, na mwingine. Yote hayo, tone moja. Na matone mangapi katika kinyesi kimoja, na vinyesi vingapi katika banda.

Miaka ishirini na sita alikuwa amefuta vumbi nje ya dirisha hili.

"Bwana wangu," alisema kwa sauti ya chini, na haikujulikana anamwita nani.

Hamissi alikuwa ameshainuka. Akaomba naye aone, akakunja kanzu, akainama, akakaa muda. Aliponyooka hakuwa na mzaha. Alisema subhanallah, mara moja, taratibu, kisha akauliza kama hicho ndicho kideri.

Joëlla akasema hapana. Kideri hakina mayai, hakionekani humu, na kingekuwa kideri hata tembe wangekuwa chini. Hii ni koksidiozi, ya kuhara damu, kidudu cha utumboni, kinawaonea makinda kwa sababu hawajakizoea. Ina dawa, ya kukoroga kwenye maji ya kunywa, siku tano. Waliolegea sana watakufa, hilo hawezi kumficha. Waliobaki wanaweza kusimama.

Kisha akaingia bandani. Akachutama, akatia mkono chini ya maganda ya mpunga hadi sakafuni, akautoa. Kiganja kilikuwa kimelowa.

"Mama, nani anamwaga maji humu?"

"Ni miye," Adélaïde alisema. "Kila siku. Na javeli."

Joëlla alibaki amechutama. Alisema kwa upole, akitazama kiganja chake badala ya uso wa mama, kwamba ganda la yai hilo javeli hailiwezi. Yai likitoka kwa kuku linakuwa bado changa, haliwezi kumdhuru kuku. Linahitaji joto na unyevu siku mbili tatu liive, ndipo kuku akilidonoa linaanguliwa tumboni mwake. Pakavu, mengi hayaivi.

Adélaïde aliitazama rakleti iliyosimama ukutani, mpira wake umekauka mstari wa chumvichumvi, na ndoo kando yake. Aliona asubuhi zote zile, mstari kwa mstari kutoka ukutani kwenda mlangoni, maganda juu ya simenti mbichi, na yale mayai mazuri chini yake yanakunywa. Usafi wake ndio ulioyalea. Kila mara mtaa ulipomsifu, yalikuwa yanaiva.

Mtu mwingine angelia. Yeye aliketi kizingitini, mikono mapajani. Sylvère, aliyekuwa amechungulia juu ya ukuta muda wote huo, aliteremka kimyakimya.

Adhana ikasikika mbali, upande wa mjini. Hamissi akainuka na kupangusa kanzu. Adélaïde akamtazama, akamwambia amemngojesha bure, kama anataka wale wazima awachukue, kisu chake ni cha uhakika na dawa si ya uhakika, na mwenye makosa ni yeye.

"Mama Bonfils," Hamissi alisema, "mi nanunua kuku. Sinunui mutu aliyejikasirikia." Akaingiza tenga ndani ya tenga. "Nitakuja wakinona. Nitakusumbua kwa bei, utaona." Alipofika langoni akageuka, akamwuliza Joëlla kama siku moja anaweza kupita Bwiza na hicho chombo, kuna watu anataka waone.

Joëlla akakoroga dawa kwenye maji ya kuku, na alasiri yote wanawake wawili walikomba maganda mabichi, wakayachoma nyuma ya nyumba. Joëlla alisema sakafu iachwe ipate hewa, kisha maganda makavu, mengi, na yageuzwe kwa reki, yakilowa yatolewe. Ufagio, reki, jua. Maji yakae kwenye vyombo vya kunywea tu. Asubuhi ya kwanza Adélaïde alisimama mlangoni mwa banda asijue afanye nini na mikono yake. Mkono wa kulia ulikwenda mara tatu kutafuta ndoo. Akaipeleka ndoo kwa Sylvère, akamwambia amtunzie, asimrudishie hata akiomba.

Yule kinda aliyeanguka alikuwa amekufa, na wengine wanne wakamfuata kabla ya Ijumaa. Jumamosi hakufa hata mmoja. Jumapili makinda kumi na tisa walikuwa wamesimama, wanagombania mende, na watatu kati yao walikuwa na shingo tupu za ukoo.

Baada ya wiki mbili Joëlla alirudi, safari hii na viatu vikavu. Stuli ile ile, chumvi ile ile, dakika ishirini zile zile. Alipoinua kioo hakuangalia yeye kwanza. Alimwachia nafasi.

Adélaïde aliinama. Kope, giza, kisha mwanga. Joëlla alisogeza uwanja, akasogeza tena.

"Unaona nini, Mama?"

"Mbili. Huku pembeni. Basi."

"Hizo mbili ni sawa, zitawazoesha. Unaweza kuacha kuangalia sasa."

Lakini hakuacha. Mkono wake wa kulia ulitoka nyuma ya mgongo, ukasita, ukashika kile chombo shingoni, kwa ncha za vidole tu, na akabaki ameinama hivyo hivyo, akitazama uwanja mweupe ulionyooka mbele yake kama sakafu ambayo hakuna mtu aliyeikanyaga.